Lishe chuo kikuu Uingereza: uanze na mwaka wa faundesheni, upite Access, au uingie moja kwa moja?

Kila mwaka Januari ikikaribia na watu wakaanza kukimbizana na maombi ya UCAS (mfumo wa kuombea vyuo vikuu vya huku), simu yangu haipoi. Mara ni mdogo wake fulani, mara ni mama wa watoto watatu anataka kurudi shule, na swali ni lile lile, dada nataka kusoma lishe lakini sina sayansi, nipite wapi. Wananiuliza mimi kwa sababu niliingia kwa mwaka wa faundesheni, yaani mwaka wa matayarisho kabla ya digrii, nikiwa na miaka 31, baada ya miaka sita ya kulea wazee, na shoga yangu tuliyekuwa tunapanga nae shifti alipita Access, diploma ya watu wazima ya kuingilia chuo kikuu, alafu tukakutana mwaka wa kwanza wa digrii meza moja. Basi njia hizi mbili nazijua, moja nimeipita mwenyewe na ya pili nimesimuliwa kila jioni kwenye basi.

Nikuonye mapema, ninayoyasema ya mikopo ni ya England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana utaratibu wao.

Kwanza, unataka kuwa nani?

Kwa Kiswahili wote tunawaita wataalamu wa lishe, na hapo ndo watu wengi wanapotea kabla hata hawajajaza fomu. Uingereza kuna watu wawili tofauti. Kuna dayatishani, yule wa lishe tiba, unamkuta wodini anapanga chakula cha mgonjwa wa figo, au cha mtu anayelishwa kwa mrija, au anakaa na mwenye kisukari wanahesabu wanga. Jina hilo linalindwa na sheria, lazima usajiliwe HCPC, ile rejista ya wataalamu wa afya, ukijiita dayatishani bila usajili umevunja sheria. Alafu kuna nyutrishonisti, na hili jina halilindwi, yaani hata jirani yangu anayeuza unga wa kupunguza tumbo mtandaoni anaweza kujiita hivyo kesho asubuhi na hakuna wa kumkamata. Ndo maana wenye taaluma wana rejista yao ya hiari chini ya Association for Nutrition, AfN. Ukimaliza digrii yenye ithibati ya AfN unaingia kama ANutr, ngazi ya kuanzia, na ukishafanya kazi kama miaka mitatu na ushahidi wa kazi zako unaomba RNutr, usajili kamili. Hawa utawakuta halmashauri kwenye afya ya jamii, viwanda vya chakula, mashirika, timu za michezo, utafiti.

Kwanini naanza na hili wakati umeuliza habari za faundesheni? Kwa sababu kozi nyingi za faundesheni zinakupeleka kwenye nyutrishoni, sio dayatetiki, ile kozi ya kuwa dayatishani. Dayatetiki nafasi ni chache, kila mwanafunzi lazima apatiwe mafunzo ya vitendo hospitalini na hospitali hazina nafasi za kumwaga. Kuna vyuo vinasema ukifaulu vizuri faundesheni unaweza kuhamia dayatetiki, na kweli wapo wanaohamia, ila soma neno "unaweza" mara mbili. Darasani kwetu tulioingia na ndoto hiyo tulikuwa wengi kuliko viti.

Sio kwamba mlango unafungwa kabisa. Ukimaliza nyutrishoni, kuna shahada ya uzamili ya dayatetiki ya kama miaka miwili inayokupeleka HCPC, mradi digrii yako ya kwanza iwe na fiziolojia na biokemia ya kutosha. Lakini piga hesabu, faundesheni 1, digrii 3, uzamili 2, hiyo ni miaka 6. Mwenzako aliyepita Access akapata dayatetiki moja kwa moja anaweza kuwa wodini ana mshahara wakati wewe bado unaandika insha. Na anayesoma dayatetiki yenyewe, kama ana haki ya misaada ya huku, anapata pauni 5,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa NHS (huduma ya afya ya serikali), hazirudishwi. Wa nyutrishoni hapati hata senti ya mfuko huo. Hakuna aliyeniambia hili nilipokuwa nachagua na mpaka leo linaniuma kidogo.

Faundesheni ni nini hasa

Ni mwaka sifuri. Unasoma chuo kikuu kile kile, kitambulisho ni cha mwanafunzi wa chuo, unaomba mara moja tu UCAS na ukifaulu unaendelea mwaka wa kwanza bila kuomba upya. Digrii ya miaka 3 inakuwa 4, na ukiongeza mwaka wa kufanya kazi katikati inakuwa 5. Masharti ya kuingia ni mepesi, pointi chache, na mtu mzima mara nyingi wanamwangalia kazi alizofanya. GCSE (mtihani wa sekondari wa miaka 16) ya Kiingereza na hesabu daraja la 4, ile C ya zamani, wengi bado wanaitaka, au kitu cha kulingana nayo.

Ukiingia unafundishwa biolojia ya seli, vimeng'enya, mwili unavyofanya kazi, kemia ya kuanzia chini kabisa, takwimu kidogo, na namna ya kuandika insha na kunukuu vyanzo. Hicho cha mwisho watu wanakidharau alafu kinawaangusha. Mimi kilichonitoa jasho ni moli, kipimo cha wingi wa kitu kwenye kemia. Wiki tatu nilikuwa naandika namba bila kujua naandika nini. Alafu siku moja maabara tukapewa juisi ya machungwa, nusu imechemshwa nusu haijachemshwa, na dawa moja ya bluu inaitwa DCPIP. Unadondosha tone la bluu kwenye juisi, linapotea kama halikuwepo, la pili linapotea, la tatu linapotea, kwa sababu vitamini C inaila ile rangi, mpaka inafika tone moja linakataa kupotea linabaki waridi, hapo unajua vitamini C imekwisha. Ile iliyochemshwa iligoma mapema, matone machache tu. Nikasimama pale na bureti mkononi nikaelewa kwa pamoja moli ni nini na kwanini mboga hazichemshwi mpaka zilainike kama uji. Kwa mtu ambaye sayansi aliiacha zamani au hakuwahi kuishika, mwaka huu una thamani, sitaki mtu aseme ni mwaka wa kupoteza.

Ila una kamba. Faundesheni ya chuo hiki mara nyingi inatambulika chuo hiki hiki tu. Ukimaliza ukasema aah sasa nataka kwenda chuo cha jina kubwa, wengi watakwambia anza na vigezo vyetu vya kawaida. Umeingia nyumba, umeingia na chumba chake.

Na kufaulu ni nini, ulizia. Alama ya kupita somo kawaida ni asilimia 40, lakini kuna kozi zinataka wastani wa juu zaidi ndo zikupandishe, hasa ukitaka kuhamia dayatetiki. Wapo wenzetu walipita masomo yote na bado wakashushwa kwenye kozi nyingine ya sayansi ambayo hawakuiomba.

Access

Access to HE Diploma inasomwa kwenye vyuo vya kati, na imetengenezwa kwa watu wazima waliotoka shule zamani. Krediti 60, kati ya hizo 45 ni za ngazi ya 3 zenye madaraja ya Pass, Merit na Distinction, na 15 zilizobaki unapita au hupiti. Mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote, miaka miwili kwa anayesoma jioni. Vyuo vikuu vinatoa masharti kwa lugha hiyo, mfano uwe na Distinction 30 na Merit 15, na krediti kadhaa ziwe za biolojia au kemia. Kwa hiyo chagua Access ya sayansi ya afya au ya sayansi yenyewe. Access ya biashara kwa lishe haikusaidii.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba inatambulika nchi nzima. Shoga yangu aliomba vyuo vitano kama UCAS inavyoruhusu, dayatetiki viwili na nyutrishoni vitatu, akakaa anachagua kama mtu sokoni. Mimi nilikuwa na kimoja tu na nilishukuru.

Ubaya ni spidi. Mwaka ule sikumwona. Alikuwa na faili moja nene la rangi ya zambarau lenye vitenganishi, kila kitengo na dedlaini yake, akimaliza kimoja kingine kimeshafika, na kila kimoja kina daraja kwa hiyo hakuna cha kufanya juu juu. Tena maombi ya UCAS yanatumwa mwezi wa kwanza wakati ndo kwanza umemaliza miezi michache, unaomba chuo na huna matokeo ya kuonesha zaidi ya alama chache za mwanzo na neno la mwalimu. Faundesheni ni taratibu zaidi, unapewa nafasi ya kukosea.

Kuingia moja kwa moja

Hapa sikai. Kama una A-level (kidato cha sita cha huku) zenye biolojia au kemia, au BTEC ya sayansi (cheti cha ufundi cha ngazi hiyo hiyo), usijitafutie mwaka wa nne. Pointi za UCAS ni A 48, B 40, C 32, kwa hiyo B moja na C mbili ni 104, na nyutrishoni nyingi zinacheza maeneo hayo, dayatetiki zinapanda juu. Wenye vyeti vya kidato cha sita vya Afrika Mashariki, fungua ukurasa wa nchi yako kwenye tovuti ya chuo kabla hujaamini wakala anayekwambia lazima faundesheni. Wakala analipwa kwa kichwa chako. Nimeona kijana mwenye biolojia na kemia nzuri kabisa amepelekwa mwaka sifuri, kozi aliyoombewa ilikuwa na namba ya kozi (code) inayofanana na ile ya kawaida, tofauti herufi moja mwishoni. Alikuja kugundua yuko darasani anafundishwa seli ni nini.

Hela

Mwaka wa masomo 2025/26 ada ya juu kwa mwanafunzi wa nyumbani (asiyekuja kwa viza ya mwanafunzi) ilikuwa pauni 9,535. Kuanzia mwaka huo huo faundesheni za masomo ya darasani tu zimewekewa kikomo cha 5,760, watu wakashangilia, lakini za sayansi zenye maabara zinaweza kubaki kwenye ada kamili, na lishe mara nyingi iko upande huo. Ukichukua ada hiyo ibaki vile vile, miaka minne ni 38,140 na mitatu ni 28,605. Tofauti yake ni ule mwaka sifuri.

Access nayo ina ada lakini ndogo kuliko ya chuo kikuu, unaweza kuchukua mkopo wa Advanced Learner Loan, na huu una utamu wake, ukimaliza Access ukaenda ukamaliza na digrii yako, salio la mkopo wa Access linafutwa. Kwenye karatasi Access imeshinda mapema.

Lakini nyumba haiendeshwi kwa karatasi. Faundesheni ni sehemu ya digrii, kwa hiyo toka siku ya kwanza unapata mkopo wa ada na mkopo wa kujikimu, na mwenye watoto anaweza kuomba Childcare Grant inayolipa mpaka asilimia 85 ya gharama za kulea watoto, na hiyo hairudishwi. Kwenye Access hakuna mkopo wa kujikimu, unategemea mfuko mdogo wa chuo na shifti zako. Shoga yangu alifanya usiku nne kwa wiki mwaka mzima. Mimi nilifanya wikendi tu. Mama wa watoto watatu akiniuliza, hesabu yake na ya kijana wa miaka 20 anayekaa kwa wazazi haiwezi kuwa moja.

Kitu kingine cha kujua, mkopo wa digrii unahesabiwa kwa urefu wa kozi pamoja na mwaka mmoja wa ziada. Huo wa ziada ndo akiba yako ukianguka, ukiugua au ukibadili kozi. Aliyeanza faundesheni akaona haimfai akaacha, ameshaanza kuila akiba. Access hailiwi humo, ukiiacha umeacha Access tu.

Kulipa sasa. Walioanza tangu Agosti 2023 wako Plan 5 (utaratibu wao wa kulipa mkopo), unakatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi 25,000 kwa mwaka, na baada ya miaka 40 kilichobaki kinafutwa. Mshahara wa 30,000 unakatwa 450 kwa mwaka, yaani 37.50 kwa mwezi. Kwa hiyo hiyo 9,535 ya ziada haibadilishi unachokatwa mwezi huu, inabadilisha utalipa mpaka lini. Riba ipo, na kwa wengi wetu hilo ni suala la dini sio la hesabu. Sheria ya mwaka 2017 iliipa serikali uwezo wa kuleta mfumo usio na riba na watu wamesubiri mpaka wajukuu wao wamefika umri wa chuo (nazidisha, lakini sio sana). Kama hilo ndo kizuizi chako basi kila mwaka unaoupunguza una uzito, na Access au kuingia moja kwa moja inapanda juu kwenye orodha yako.

Unakuja kwa viza?

Hapo kitabu ni kingine. Ada ya mgeni haina kikomo cha serikali, mikopo ya huku huna haki nayo, na ada ya afya ya IHS ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza ya mwanafunzi, kwa hiyo mwaka wa nne unaulipia mara mbili, kwa chuo na kwa IHS. Alafu angalia aina ya faundesheni. Kuna iliyo ndani ya digrii, na kuna ile ya kituo cha kimataifa kilichoshikana na chuo, unasoma mwaka wako peke yake alafu ndo unaingia digrii, na hapo katikati huenda ukahitaji CAS mpya (uthibitisho wa chuo wa kuombea viza) na viza mpya. Kozi ya chini ya ngazi ya digrii inakuruhusu kufanya kazi saa 10 kwa wiki wakati wa masomo, ya ngazi ya digrii saa 20. Mtu amepanga bajeti yake kwa saa 20 alafu viza inasema 10, huo ni msiba. Uliza chuo kwa maandishi CAS yako itakuwa ya ngazi gani kabla hujalipa amana.

Na viza ya kubaki baada ya digrii, Graduate Route, watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 wanapata miezi 18 badala ya miaka 2. RNutr inataka kama miaka mitatu ya kazi. Unaona mwenyewe namba hazikutani, lazima mwajiri akubebe kwa viza ya kazi.

Ningekuwa wewe

Unataka dayatishani, una karatasi za kuishi huku, unaweza kubana mwaka mmoja: Access ya sayansi, bila kufikiri sana. Unataka afya ya jamii au viwanda vya chakula, una watoto, sayansi huna kabisa: faundesheni, na usimwonee aibu mtu, lakini digrii inayofuata iwe na ithibati ya AfN, jina la kozi litafutwe kwenye orodha ya AfN wenyewe, sio kwenye brosha. Kuna digrii zinaitwa lishe na hivi au lishe na vile ambazo hazina ithibati, ukimaliza unabaki unaeleza wewe ni nani. Unakuja kwa viza na una kidato cha sita cha sayansi: jaribu kuingia moja kwa moja kwanza, vyuo vitano vyote, faundesheni iwe ya mwisho. Na kama uko NHS tayari, msaidizi wa wodi au jikoni, mwulize bosi wako kuhusu uanagenzi wa digrii ya dayatetiki, unasoma huku unalipwa mshahara. Nafasi ni za kuhesabu, ila kuuliza ni bure.

Kabla hujabonyeza kutuma, waandikie watu wa udahili wa kila chuo ulichochagua. Waulize haya: nikimaliza faundesheni nahitaji wastani gani kupanda mwaka wa kwanza wa kozi hii hii? Mwaka jana wangapi walihamia dayatetiki, na kwa alama zipi? Ithibati ya AfN ipo sasa hivi au ndo mnaiomba? Barua pepe ya mistari minne inatosha. Anayejibu kwa namba mwekee nyota. Anayekujibu kwa picha za wanafunzi wanacheka kwenye majani, muulize tena.